Kuhesabu karata

Kuhesabu karata ni mbinu ya kufuatilia karata zilizokwisha kugawiwa katika mchezo wa ishirini na moja, unaojulikana pia kwa jina la blackjack, ili kujua kama karata zilizobaki zinampendelea mchezaji au kasino. Mbinu hii haihitaji kukariri kila karata wala kuwa na akili ya ajabu, kama filamu zinavyoonyesha. Inahitaji kujumlisha na kutoa moja moja kichwani, haraka na bila kukosea, kwa saa nyingi mfululizo.

Kuhesabu karata hujengwa juu ya mkakati wa msingi, yaani utaratibu wa kucheza kila duru kwa njia yenye hasara ndogo kuliko zote. Anayeanza kuhesabu kabla ya kuushika mkakati huo kwa kawaida hupoteza kwa makosa ya uchezaji zaidi ya kile anachopata kwa hesabu yake. Hata aliyeshika vyote viwili hupata faida ndogo sana, na faida hiyo huonekana tu baada ya maelfu ya duru. Wengi wanaoanza huishiwa na fedha kabla ya kufika huko.

Mchezo wenyewe

Mchezaji hashindani na wachezaji wenzake bali na mgawaji, ambaye anaiwakilisha kasino. Karata za 2 hadi 10 huhesabiwa kwa namba zake. Mfalme, malkia na jeki kila mmoja ni 10, na kwa hiyo huitwa karata za kumi pamoja na 10 yenyewe. Ree (karata yenye herufi A) ni 1 au 11, kwa namna inayomfaa mwenye nayo.

Kila mchezaji huweka dau kwanza, kisha hupewa karata mbili. Mgawaji naye huchukua mbili, moja ikiwa wazi na nyingine imefunikwa. Mchezaji anaweza kuongeza karata, kutosheka na alizo nazo, kuongeza dau mara mbili na kupewa karata moja tu, au, ikiwa karata zake mbili zinalingana, kuzitenganisha na kuweka dau la pili. Anayevuka 21 hupoteza dau lake papo hapo. Mgawaji hucheza mwishoni, tena bila hiari: ni lazima aongeze karata hadi afike 17 au zaidi.

Faida ya kasino inatokana na jambo hilo la nani anatangulia. Mchezaji akivuka 21 amepoteza, hata kama mgawaji naye angevuka baadaye. Mchezaji hufidiwa kwa namna nyingine: akipata ree na karata ya kumi tangu mwanzo, hulipwa 3 kwa 2, yaani dau la dola 10 humletea dola 15. Siku hizi meza nyingi za Las Vegas hulipa 6 kwa 5, yaani dola 12 kwa dau hilohilo. Tofauti ya dola tatu yaonekana ndogo, lakini karata hizo mbili hutokea takriban mara moja katika kila duru 21, na punguzo hilo huongeza faida ya kasino kwa karibu asilimia 1.4. Kiasi hicho kinalingana na faida yote ambayo mwenye kuhesabu hodari huweza kutarajia, au hukizidi. Hakuna hesabu nzuri inayoiokoa meza ya namna hiyo, na kuitambua kabla ya kuketi ni sehemu ya ujuzi.

Mkakati wa msingi

Kwa kila jumla ya mchezaji na kila karata ya wazi ya mgawaji kuna uamuzi mmoja ulio bora. Uamuzi huo haubadiliki kwa sababu ya bahati iliyopita wala kwa jinsi jirani mezani anavyocheza. Maamuzi yote huandikwa kwenye jedwali moja linaloenea katika ukurasa wa daftari.

Sehemu ya jedwali hilo hukubaliana na akili ya kawaida. Mgawaji mwenye 6 wazi huvuka 21 karibu mara 42 katika kila 100, kwa hiyo mchezaji mwenye 12 hutosheka na kumwachia mgawaji ahangaike. Sehemu nyingine huudhi. Mchezaji mwenye 16 mbele ya 7 ya mgawaji anapaswa kuongeza karata, ingawa mara nyingi atavuka. Mwenye ree na 7, yaani 18, anapaswa kuongeza karata mgawaji akionyesha 9, karata ya kumi au ree. Wengi hukataa kwa kuwa 18 huonekana namba nzuri. Ree mbili na 8 mbili hutenganishwa daima, lakini karata mbili za kumi hazitenganishwi. Uamuzi kama ule wa 16 haukusudii kushinda. Unakusudia kupoteza kidogo zaidi mahali ambapo hasara haikwepeki, na hilo ndilo gumu kwa mwanafunzi kulikubali.

Jedwali la kwanza lenye hesabu kamili lilitayarishwa na Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, vijana wanne waliokuwa katika jeshi la Marekani kwenye kambi ya Aberdeen, jimbo la Maryland. Walitumia mashine za kukokotoa za mezani, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1956 katika jarida la chama cha wanatakwimu wa Marekani. Kompyuta zilizokuja baadaye zilirekebisha mambo machache tu.

Kwenye meza yenye kanuni nzuri, mkakati wa msingi hupunguza faida ya kasino hadi karibu asilimia 0.5, yaani senti 50 katika kila dola 100 zinazowekwa. Bado ni hasara. Hata hivyo ni hasara ndogo kiasi kwamba msukumo mdogo unaweza kuigeuza, na msukumo huo ndio hutafutwa kwa kuhesabu.

Kwa nini karata zilizopita zina maana

Gurudumu la ruleti na dadu havina kumbukumbu. Namba iliyotoka sasa hivi ina nafasi ileile ya kutoka tena. Karata ni tofauti, kwa sababu iliyokwisha kutoka hairudi mpaka zichangwe upya. Aliyezoea michezo ya turufu anajua jambo hili: mwenye kukumbuka turufu zilizopita hucheza vizuri kuliko asiyekumbuka. Katika ishirini na moja inayochezwa kwa pakiti moja, ree zote nne zikishatoka, hakuna tena awezaye kupata 21 ya karata mbili hadi karata zichangwe. Anayeweka dau kubwa wakati huo anaweka kwa malipo yasiyoweza kuja.

Karata kubwa zikibaki nyingi, mchezaji hufaidika kwa njia tatu hasa. Kwanza, 21 za karata mbili huwa nyingi. Mgawaji naye huzipata, lakini mchezaji hulipwa 3 kwa 2 na mgawaji halipwi hivyo. Pili, mgawaji mwenye jumla ya 12 hadi 16 analazimika kuongeza karata, na hapo huvuka mara nyingi zaidi, wakati mchezaji ana hiari ya kutosheka. Tatu, anayeongeza dau mara mbili akiwa na 10 au 11 hupata kile anachokitarajia. Karata ndogo zikibaki nyingi, mambo yote hayo hugeuka.

Aliyethibitisha haya kwa hesabu ni Edward O. Thorp, mwanahisabati aliyekuwa akifundisha katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT). Alisoma makala ya wale vijana wa Aberdeen, akajifunza lugha ya Fortran, na kutumia kompyuta ya IBM 704 ya chuoni kukokotoa kinachotokea karata za aina fulani zikiondolewa. Aligundua kwamba kuondolewa kwa karata za 5 humsaidia mchezaji kuliko kuondolewa kwa karata nyingine yoyote. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1961, na kitabu chake Beat the Dealer kilitoka mwaka 1962. Kabla ya hapo alikwenda Nevada akiwa na mtaji wa dola 10,000 uliotolewa na wacheza kamari wawili matajiri, akarudi na faida ya karibu dola 11,000.

Mwaka 1964 kasino za Las Vegas zilibana kanuni za kuongeza dau na kutenganisha karata kwa kuhofia wasomaji wa kitabu hicho. Wateja wa kawaida walisusa, na baada ya wiki chache kanuni za zamani zikarudishwa. Kasino zilikuja kuona kwamba kitabu kilizivutia watu wengi walioamini kuwa wanajua kuhesabu, na wachache sana waliojua kweli.

Mfumo wa Juu-Chini

Mfumo unaofundishwa zaidi kwa wanaoanza ni ule wa Juu-Chini, uliopendekezwa na Harvey Dubner mwaka 1963 na kuingizwa katika toleo la pili la kitabu cha Thorp mwaka 1966. Kila karata ya 2, 3, 4, 5 au 6 inayoonekana huongeza 1. Karata za 7, 8 na 9 ni 0. Karata za kumi na ree hupunguza 1. Katika pakiti ya karata 52 kuna ndogo 20 na kubwa 20, kwa hiyo hesabu ya pakiti nzima huishia 0.

Chukua karata hizi kwa mfuatano: 5, mfalme, 9, 2, ree, 4, 6, 10, 3, 8. Hesabu huanza 0, kisha huenda 1, 0, 0, 1, 0, 1, 2, 1, 2, 2. Jibu ni 2, maana yake karata ndogo zilizotoka zimezidi kubwa kwa mbili, na sanduku lililobaki lina karata kubwa mbili za ziada. Mwenye uzoefu hafuati moja moja hivi; huona 5 na mfalme pamoja akajua zimefutana, akapita.

Namba hiyo huitwa hesabu inayoendelea. Peke yake haitoshi, kwa kuwa kasino nyingi hutumia pakiti sita au nane kwa pamoja. Karata kubwa sita za ziada zikitawanyika katika pakiti tano hazina uzito, lakini zikiwa katika pakiti mbili zina uzito mkubwa. Kwa hiyo hesabu inayoendelea hugawanywa kwa idadi ya pakiti ambazo hazijagawiwa, na jibu huitwa hesabu halisi. Hesabu inayoendelea ikiwa 6 na pakiti zilizobaki ni tano, hesabu halisi ni kama 1. Zikibaki mbili, hesabu halisi ni 3. Idadi ya pakiti zilizobaki hukadiriwa kwa kutazama rundo la zilizotumika, na makadirio hayo ndiyo huwaponyoka wanafunzi wengi walio hodari wa kujumlisha.

Mazoezi

Mazoezi ya kawaida hufanyika nyumbani kwa pakiti moja. Karata moja hutolewa na kufichwa bila kutazamwa, kisha 51 zilizobaki hufunuliwa moja moja, baadaye mbili mbili. Mwishoni anayejifunza hutaja kama iliyofichwa ni ndogo, ya kati au kubwa: hesabu ikiishia 1 iliyofichwa ni kubwa, ikiishia 0 ni ya kati. Kiwango kinachokubalika ni sekunde 30 au pungufu bila kosa, tena si mara moja tu. Baada ya hapo mazoezi huhamishiwa mahali penye redio na mazungumzo, kwa sababu mezani mgawaji husemesha watu na mhudumu hupita na vinywaji.

Njia ya kujua kama mkakati wa msingi umekaa sawasawa ni kumwuliza mwanafunzi maamuzi ya jedwali akiwa anaendelea kuhesabu. Akisita kwenye ree na 7 mbele ya 9, hesabu itampotea palepale. Kichwa hakibebi mambo mawili mapya kwa wakati mmoja.

Dau na mtaji

Kuhesabu kwenyewe hakuleti fedha. Fedha huja kwa kuweka dau dogo wakati kasino ina faida na dau kubwa wakati mchezaji ana faida. Kwenye meza ya kanuni nzuri, kila nukta moja ya hesabu halisi humwongezea mchezaji karibu asilimia 0.5. Kwa kuwa huanza nyuma kwa asilimia hiyohiyo, kwenye 1 huwa wamelingana na kasino, kwenye 2 huwa mbele kwa asilimia 0.5, na kwenye 3 huwa mbele kwa asilimia 1. Duru nyingi huchezwa wakati hesabu iko 0 au chini yake, na hapo mwenye kuhesabu ni mteja wa kawaida anayelipa ada ya kusubiri.

Hapa ndipo wanaoanza huumia. Mchukue mchezaji aliye bora kuliko walio wengi, mwenye faida ya asilimia 1 katika kila duru na dau lisilobadilika. Matokeo ya duru moja hupanda na kushuka kwa wastani wa dau 1.15 hivi. Baada ya duru 1,000 anatarajia kuwa mbele kwa madau 10, lakini mawimbi ya bahati ni ya madau 36 juu au chini. Uwezekano wa yeye kuwa na hasara wakati huo ni karibu 4 kati ya 10. Baada ya duru 10,000, ambazo kwa mwendo wa duru 70 kwa saa ni zaidi ya saa 140 za kucheza, uwezekano wa hasara bado ni karibu 1 kati ya 5, ingawa hakukosea hata mara moja. Mchezaji halisi, ambaye hupandisha na kushusha dau, hukutana na mawimbi makubwa zaidi ya hayo.

Ukubwa wa dau linalostahili hukadiriwa kwa kanuni ya John Kelly, mtafiti wa maabara za Bell, iliyochapishwa mwaka 1956 na kutumiwa na Thorp. Kwa ufupi, dau huwa sehemu ya mtaji inayopatikana kwa kugawanya faida kwa kipimo cha mtawanyiko, ambacho katika mchezo huu ni karibu 1.3. Mwenye dola 1,000 na faida ya asilimia 1 anapaswa kuweka dola 7 au 8. Meza nyingi hazipokei dau la chini ya dola 10. Maana yake ni kwamba mwanafunzi huyo, hata katika dakika ileile ambayo hesabu inamwambia ana faida, tayari anaweka zaidi ya uwezo wa mtaji wake. Na katika duru nyingine zote anaweka dola 10 mahali ambapo hakupaswa kuweka chochote. Wacheza wa kudumu hujihadhari kwa kuweka nusu ya kiasi cha Kelly au pungufu, jambo linalohitaji mtaji wa maelfu mengi ya dola usiohusiana na kodi ya nyumba wala ada za watoto.

Hesabu pia haijui mchezaji amepoteza kiasi gani. Anayepandisha dau ili arudishe kilichokwenda ameacha kuhesabu karata, hata kama namba bado iko kichwani mwake.

Kuuacha mkakati wa msingi

Mwanafunzi akishazoea kupanga dau kwa hesabu, hujifunza ni wapi hesabu hubadili uamuzi wa jedwali. Mabadiliko ni mengi, lakini Don Schlesinger alionyesha kwamba 18 kati yake huleta sehemu kubwa ya faida yote inayoweza kupatikana kwa njia hii.

Lenye thamani kuliko yote ni bima, dau la pembeni linalotolewa mgawaji akionyesha ree, na linalolipa 2 kwa 1 ikiwa karata yake iliyofunikwa ni ya kumi. Katika pakiti sita mpya, baada ya ree hiyo kuonekana hubaki karata 311, na 96 kati yake ni za kumi. Hiyo ni karibu asilimia 30.9, wakati bima huhitaji asilimia 33.3 ili isilete hasara. Kwa hiyo mkakati wa msingi hukataza bima daima, hata kwa mwenye karata nzuri. Hesabu halisi ikifika 3, karata za kumi huvuka theluthi moja na bima hugeuka kuwa dau zuri. Vilevile, mwenye 16 mbele ya karata ya kumi huacha kuongeza karata hesabu ikiwa 0 au zaidi, na mwenye 15 hufanya hivyo ikifika 4.

Timu

Kupandisha dau ghafla kutoka dola 10 hadi dola 200 humfichua mwenye kuhesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Al Francesco alibuni njia ya kugawana kazi: wenzake walikaa kwenye meza mbalimbali wakiweka madau madogo na kuhesabu, kisha hesabu ilipopanda walimwita kwa ishara mchezaji mwingine, aliyekuja na madau makubwa tu kana kwamba ni tajiri mpita njia. Mwanafunzi wake, Ken Uston, aliifanya njia hiyo ijulikane. Timu za wanafunzi wa MIT ziliitumia katika miaka ya 1980 na 1990 kwa fedha za wawekezaji, na kisa chao kilikuwa msingi wa filamu 21 ya mwaka 2008, iliyobadilisha mambo mengi. Siri ya timu haikuwa vipaji tu. Mtaji wa pamoja uliwawezesha kustahimili mawimbi ambayo yangemfilisi mtu mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kucheza kabla ya kupita mitihani ya ndani.

Sheria na hatua za kasino

Nchini Marekani kuhesabu kwa kichwa si kosa la jinai, kwa kuwa mchezaji hutumia karata zilizo wazi mbele ya kila mtu. Kutumia kifaa ni jambo jingine: jimbo la Nevada lilipiga marufuku vifaa vya kuhesabia mwaka 1985. Hata hivyo kasino za Nevada zina haki ya kumkataa mteja, na mwenye kuhesabu akitambuliwa huombwa asicheze tena mchezo huo. Katika jimbo la New Jersey, Uston alizishinda kasino mahakamani mwaka 1982, na tangu hapo haziwezi kumfukuza mtu kwa sababu ya kuhesabu tu. Hujibu kwa kuchanga karata mapema au kupunguza dau la juu, na matokeo kwa mchezaji hayatofautiani sana.

Kinga yenye nguvu zaidi iko kwenye karata zenyewe. Sanduku la pakiti nane likikatwa katikati, nusu ya karata hazigawiwi kamwe na hesabu haipati nafasi ya kupanda. Mashine zinazochanga mfululizo hurudisha karata sandukuni baada ya kila duru, na hapo hakuna cha kuhesabu. Ndivyo ilivyo pia katika michezo ya ishirini na moja ya kwenye simu na kompyuta inayoendeshwa na programu ya namba nasibu: kila duru huanza na karata zote. Anayejifunza kuhesabu kisha akaenda kuutumia ujuzi huo kwenye mchezo wa simu hana faida yoyote juu ya yule asiyejua kabisa, isipokuwa mkakati wa msingi alioupitia njiani.